Zero ya Yaya

Mi nilitoka shuleni darasa la tatu na mpaka leo sijarudi kuomba msamaha. Wenzangu walioendelea hadi diploma ndio waliokuja baadaye kuniomba nafasi juu ya lori, kwenye magunia ya mawe, tai shingoni na viatu mkononi ili visichakae. Niliwapa nafasi. Mtu mwenye malori mawili hawezi kuwa na roho ya mtu wa baiskeli.

Natanguliza hayo ili anayesoma ajue anaongea na nani. Msimu ule bei ya shaba na kobalti ilipoanguka, huko mbali inakoangukia, wasomi wa Kolwezi walikaa kibarazani wakieleza sababu. Walieleza vizuri sana. Mi sikuwa na sababu hata moja, ila nilikuwa na mapipa ya mafuta niliyoyaficha nyuma ya nyumba tangu bei ikiwa juu, maana kitu kinachopanda haraka namna ile mi huwa nakitazama miguu, sikitazami kichwa.

Wanunuzi wa mawe waliondoka. Depo zao zilizopangana kando ya barabara zikafungwa moja baada ya nyingine, na mizani ikabaki inaning'inia kama watu waliosahaulika. Mnunuzi mmoja aliondoka haraka hata akamwacha mbwa wake, mnyama mnene aliyezoea nyama ya kopo. Baada ya wiki chache alikuwa anakula maganda ya mihogo kama sisi wote, na alikonda vizuri, akapendeza. Kisha wachimbaji wa mkono wakafukuzwa kwenye mashimo, upande wa mgodi wa Mashamba na kwingineko. Waliambiwa mashimo yana mwenyewe. Ajabu ni kwamba bei ilipokuwa juu mwenyewe huyo hakuonekana hata kivuli, sisi tukapakia magunia mchana kweupe. Bei iliposhuka ndipo alipokumbuka mali yake na kutuma watu wenye fimbo.

Lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tukiuza mawe, la sivyo upumbavu uliofuata hamtauelewa. Mchimbaji analeta gunia lake depo. Mtu wa mnunuzi anatoa mashini moja ndogo yenye umbo la bastola, anaigusisha kwenye jiwe, na kwenye kioo chake inatokea namba. Namba hiyo ndiyo teneur, yaani kiasi cha shaba kilichomo. Basi. Hakuna kuuliza imetoka wapi, hakuna kusema jana jiwe la shimo hilo hilo lilipata zaidi. Mashini imesema. Namba kubwa, mtu anakunywa bia na marafiki anaowapata siku hiyo hiyo. Namba ndogo, anarudi nyumbani kwa njia za nyuma. Zero, gunia linamwagwa barabarani kuziba mashimo. Barabara zetu zote zilizibwa kwa zero za watu, na mi nimepita juu yake kwa lori miaka mingi, najua zinavyolia.

Sasa, mjini kulikuwa na mtu wa cyber, duka la intaneti. Zamani alikuwa karani wa migodi, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Mshahara ulipoacha kuja, akakusanya alichokusanya, akaweka sahani kubwa juu ya bati la nyumba yake na kompyuta nne sebuleni. Wakati wa pesa watu walikaa mle wakitafuta magari ya Japani na wachumba wa Ubelgiji. Pesa zilipokwenda, akauza kompyuta tatu, ikabaki moja. Connexion, yaani mtandao wenyewe, nayo ikawa inakuja kama maji ya bomba letu, inakohoa kwanza. Yule bwana akaona akili. Akaweka dirisha la nondo, akakaa nyuma yake, na akaanza huduma mpya: unafika, unamtajia unachotafuta, yeye anaandika, anasubiri, kisha anakuambia mashini imepata vitu vingapi. Ni hivyo tu. Vitu vyenyewe havifungui, kwa sababu kufungua kunachukua muda na kunakula connexion. Ni sawa na mkahawa ambapo mwenye duka anatoka jikoni kukutangazia sufuria zilizoko motoni, wewe unapangusa mdomo unaondoka.

Mahali pengine wangemcheka. Sisi tulipanga foleni. Tulikuwa tumeshazoezwa na bastola ya depo: namba imetoka, namba ndiyo thamani. Mchungaji mmoja alikwenda kupimwa jina lake, akapata mia sita na kitu, akaitangaza namba yake juu ya mimbari. Mchungaji wa kanisa la pili akapimwa, akapata elfu mbili, na kondoo kadhaa wakahama zizi Jumapili iliyofuata. Mwalimu mkuu alipata kumi na nne, akaacha kusalimia watu.

Mi nilivaa viatu vya ngozi nikaenda. Jina langu la ubatizo na la babu yangu yakaandikwa, tukasubiri, yule bwana akainua macho akaniangalia upya.

Elfu arobaini na ushei.

Sikuuliza ni vitu gani. Mtu anayesifiwa haombi risiti. Nilitoka pale kifua mbele, na kufika jioni bar nzima ilikuwa inaniita Tata Elfu Arobaini, yaani Baba Elfu Arobaini. Nilisema ni kidogo, wasubiri mwaka kesho.

Yaya yangu, dada yangu mkubwa, hakuniita hivyo. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufa, na mtu aliyekufuta makamasi haoni kifua chako hata ukikitanguliza. Alikuwa anauza munkoyo, ile togwa ya mahindi, penye maegesho ya malori, akiwa na mtoto mmoja tu aliyebaki katika wote aliowazaa: kijana mrefu, mchimbaji, mkaidi. Alipofukuzwa shimoni pamoja na wenzake, hakukaa kibarazani kueleza sababu. Alisema anakwenda upande wa Angola, ambako mawe yanang'aa yenyewe bila kupimwa na bastola, na kwamba atarudi na nyumba ya mama yake mfukoni. Simu yake ilikata kabla hata hajavuka mpaka.

Halafu redio ikaanza kusema Angola inawafukuza watu wetu. Wamefukuzwa wangapi jana, wangapi leo. Redio zinapenda sana kuhesabu. Miaka ya nyuma, watu wa Kasai walipofukuzwa hapa kwetu na kurundikwa stesheni, redio pia ilihesabu. Dereva aliyenifundisha kushika usukani alikuwa ndani ya hesabu ile, na mpaka leo sijui alishukia wapi. Kwa hiyo mi redio naisikiliza kama ninavyosikiliza injini ya mtu mwingine. Lakini yaya alikuwa na mtoto mmoja. Alisikiliza kwa masikio yote.

Siku moja, bila kuniambia, akafunga kitambaa chake kizuri akaenda kwenye dirisha la nondo. Alitaja majina yote ya kijana, la ubatizo, la baba na la ukoo. Yule bwana akaandika, akasubiri, akasema zero.

Yaya alirudi nyumbani. Akavua kitambaa, akazima moto wa jikoni kwa maji ya munkoyo, akakaa chini. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha. Miaka yote aliyouza pale maegeshoni ameona magunia ya zero yakimwagwa barabarani, hakuona hata moja likiokotwa.

Nilipofika, nilikuta wanawake wameshavua viatu, na shemeji zake, ndugu za marehemu mume wake, wameshaazima viti. Kila mtu alikuwa ananingoja mimi. Kwetu moto wa kilio hauwashwi na yeyote anayeona baridi. Gogo la kwanza linawekwa na mjomba, kaka wa mama, na mjomba nilikuwa mimi peke yangu. Na gogo likishawekwa, mtu amekwisha. Nguo zake zinagawanywa, jina lake anapewa mtoto wa kwanza atakayezaliwa, na kama kwa bahati atatokea mzima, hapiti tena mlango wa nyumba ile. Mama yake atampa maji nje, kama mpita njia. Nimemwona mzee mmoja aliyeishi hivyo mtaa wa Kapata hadi kufa, nyumba mbili kutoka kwa watoto wake, akiwasalimia kwa kuinua kofia.

Nilikataa kuweka gogo. Shemeji mkubwa, mtu ambaye hajawahi kununua hata chumvi ya kilio cha mtu, akasema kwa upole kwamba anaelewa, kulisha waombolezaji wakati bei imeanguka si mchezo hata kwa mwenye malori. Nikamwambia kilio chake yeye nitakilisha kwa ng'ombe mzima, achague tu tarehe. Wanawake wakacheka wakiwa wameshika mashavu. Yaya hakucheka. Aliniangalia akasema kwa sauti ya chini:

"We mutoto ya mama yangu, usinifungie machozi. Weka gogo."

Nikasema nitaweka kesho, baada ya kumsikia mwenye mashini kwa masikio yangu.

Asubuhi tukaenda wote, yaya, mimi, shemeji mkubwa na nusu ya mtaa, kwa kuwa siku hizo hakuna aliyekuwa na kazi ya kuchelewa. Yule bwana alituona kupitia nondo akasimama, akaweka kalamu zake sawa. Nilianza kwa heshima kidogo, kisha nikamuuliza amepata wapi ruhusa ya kuua mpwa wangu.

"Tata, mi nilisema zero," akajibu. "Sikusema amekufa. Kufa aliniongezea mama mwenyewe, akaondoka mbio hata sikupata kumuambia kitu."

Na hapo, nasema kwa haki, alikuwa sawa. Yeye aliuza namba; maana tuliileta sisi wenyewe kutoka nyumbani, kama watu wanaokwenda kununua mafuta na chupa zao. Lakini sikuja pale kumpa haki. Nikamwambia aandike jina la yaya yangu, huyu hapa, aliyesimama mbele yake na miguu miwili. Akaandika. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Watu wakasogea kwenye nondo.

"Zero," akasema.

"Yaya, pole sana," nikamwambia. "Unaoza tangu lini na sisi tunakula chakula chako?"

Shemeji mkubwa akataka kucheka akajizuia, maana nilikuwa nimeshamgeukia. Jina lake likaandikwa. Zero. Nikampa mkono wa rambirambi. Mwanamke muuza makaa akajitaja mwenyewe kutoka nyuma, zero, wakaanza kujitaja wengine, na kila zero watu walipiga makofi, mtaa mzima ukawa makaburi yanayocheka. Mwishoni nikamuuliza yule bwana jina lake mwenyewe linapata ngapi.

"Langu niliandika siku ya kwanza nilipofungua," akasema. "Zero. Na mi njo mwenye mashini." Akaangalia kalamu zake kidogo. Kisha akainua kichwa. "Lakini tuko na mutu mukubwa hapa. Tufungue kidogo zile elfu arobaini za tata, tujue nini iko ndani. Connexion nalipa mi."

Nilisema si lazima. Watu wakasema ni lazima.

Akafungua, akatusomea kwa sauti, polepole, kwa Kifaransa chake cha ofisini halafu kwa lugha yetu ili asibaki mtu nje. Wa kwanza alikuwa mlinda mlango wa mpira kwenye kisiwa ambacho hakuna aliyekijua. Wa pili padri aliyekufa zamani huko Ulaya. Wa tatu hakuwa mtu, ilikuwa barabara. Wa nne alikuwa daktari wa meno, na picha yake ikafunguka polepole kutoka juu, kipara kwanza. Akaendelea hivyo mpaka connexion ikakata. Hakuna lori hata moja mle ndani. Elfu arobaini nzima, na hata tairi langu la akiba hawakulisikia.

Yaya alinitazama tangu viatu vya ngozi hadi kichwani.

"Kumbe na we ni zero," akasema. "Ya kwako tu imevaa viatu."

Mi sikuona aibu. Mlinda mlango yule angepaswa kuona fahari kuitwa kama mimi. Jambo kubwa lilikuwa kwamba yaya ameongea neno lisilokuwa la kilio, la kwanza tangu jana. Kisha uso wake ukarudi vilevile, akashika nondo kwa mikono miwili.

"Basi niambie, baba. Mutoto yangu anaishi ao hapana?"

"Mama, mashini hii inajua bangapi," yule bwana akasema. "Haijue nani."

Hapo hapo nikatangaza kwamba tunakwenda Sandoa. Watu waliofukuzwa Angola walikuwa wanapitia huko, wasafiri walisema, wengine wametokea Dilolo, wengine porini. Shemeji mkubwa akauliza kwa mafuta gani. Nilifurahi sana kuulizwa. Nilimpeleka nyuma ya nyumba nikamwonyesha mapipa, nikamwacha ayanuse. Tukapatana kwamba viti vibaki, gogo lisiwekwe, na hakuna kugusa nguo za kijana mpaka nirudi.

Njia ya kwenda huko, kupitia Mutshatsha na Kasaji, si njia, ni ugomvi. Nimeipita mara nyingi na bado kila mto unaniuliza jina. Malori ya wengine tuliyakuta yamelala kwenye mchanga, madereva wao wakipika chini yake. La kwangu lilipita. Sisemi ni kwa sababu ya dereva, ingawa dereva nilikuwa mimi. Yaya alikaa pembeni yangu na sufuria yake magotini, ile ya bukari, ugali wetu, na mfuniko wake. Nilimuuliza tunakwenda kupika kwa nani. Akasema ataijua kazi yake huko mbele. Safari nzima aliniuliza jambo moja tu: kama gogo lingekuwa limeshawekwa, ningethubutu kumpitisha mtoto mlangoni? Nikajibu ningevunja ukuta apite dirishani. Akasema dirisha nalo ni mlango wa wezi.

Sandoa tulikuta watu wamejazwa kwenye kiwanja cha shule, wamekaa, wamelala, wengine wamevaa mifuko ya mchele. Getini kulikuwa na meza, na nyuma ya meza bwana mwenye fulana mpya. Nikamtajia mpwa wangu, majina yote. Akasema leo wameingia mia tatu na zaidi. Nikasema mi namtafuta mmoja. Akasema wanaume ni wengi kuliko wanawake. Nikasema ni mrefu, mkaidi, wa Kolwezi. Akasema wa Kolwezi bado hawajahesabiwa peke yao. Hakuwa mtu mbaya. Wanaoleta maharage walikuwa wanamuuliza wangapi, wala hakuna aliyemuuliza nani, kwa hiyo jibu la nani hakuwa nalo. Nilimwambia nimetoka mbali nikidhani nimeikimbia mashini, kumbe ilinitangulia kwa gari zuri zaidi. Akaniomba nisogee, nazuia hesabu.

Nilikuwa bado nachagua matusi yanayomfaa, yaya akanipita. Alisimama katikati ya kiwanja, akageuza sufuria, akaipiga kwa mfuniko wake kama alivyokuwa akiipiga jioni penye njia ya nyumbani kwetu, akaita:

"Bukari inapoa!"

Kiwanja kizima kiligeuka. Vijana, wanaume wenye ndevu, hata bwana wa fulana mpya pale mezani. Kila mmoja aliwahi kuitwa hivyo na mtu fulani, mahali fulani. Waliinua vichwa wakaangalia, na wengine walikuwa wameshaanza kusimama kabla hawajakumbuka wako wapi.

Mmoja tu hakugeuka. Pembeni, karibu na ukuta wa choo, mtu mrefu alikuwa amekaa ametupa mgongo, na sauti ile ilipopigwa mara ya pili akajivutia kanga chakavu hadi kichwani, akajifunika.

Yaya hakumtazama mwingine yeyote. Alikwenda moja kwa moja, akiruka miguu ya watu, akasimama juu yake.

"Unamkwepa nani?"

Kanga ikasema kwamba walinyang'anywa vyote huko, mpaka viatu, na kwamba yeye alisema atarudi na nyumba.

"Nyumba niko nayo," yaya akasema. "Simama, tata, nikuone urefu."

Alikuwa amepungua kila upande isipokuwa urefu. Nilimpa mkono, nikamwambia yeye ni marehemu wa kwanza ninayemsafirisha bure. Hakuelewa. Nikamweleza njiani, kuanzia viti vya kuazima hadi daktari wa meno, na penye mto mmoja alicheka mpaka akashuka kutapika, tumbo lilikuwa limesahau kucheka.

Kufika Kolwezi, mi nilikuwa naelekea nyumbani, ambako shemeji mkubwa bila shaka alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele akilinda gogo. Yaya akanigusa mkono. Alitaka tupite kwanza kwenye cyber, hivyo hivyo na vumbi letu. Nilisimamisha lori penye dirisha la nondo, akashuka na mtoto wake, akamsimamisha mbele ya yule bwana kama gunia lililorudishwa depo.

"Andika moja," akasema.

Yule bwana akaelekeza kidole kwenye kompyuta. "Mama, si mi naandika. Ni mashini."

"Basi iambie."

Akakaa, akaandika majina yote, la ubatizo, la baba na la ukoo. Tulisubiri. Kiduara kikazunguka. Aliona kilichotoka, akashika kalamu yake moja.

"Imesema nini?" yaya akauliza.

"Zero, mama."

"Inadanganya mbele ya mwenyewe," yaya akasema, tena bila hasira, kama mtu anayezungumzia mtoto wa jirani.

Kijana akapitisha mkono wake kati ya nondo, ule mkono mrefu wenye vumbi la Sandoa, kumsalimia mwenye nyumba. Yule bwana aliweka kalamu chini, akaushika, na hakuuachia upesi.